Pampu Haiwaki, Haizimi, au Inajiwasha Yenyewe: Kusoma Kontakti za Lada Bila Kuchanganya NO na NC

Siku hizi PLC ndogo, yaani kompyuta ya kuendesha mashine, utaikuta kwenye paneli ya mashine ya kukamua alizeti kule Singida au Kizota, na kwenye kisima kinachosukuma maji hadi tangi la mlimani. Fundi akiita msaada, mara chache PLC yenyewe ndiyo imeungua. Kinachosumbua zaidi ni programu iliyoandikwa na mtu anayeujua umeme vizuri, waya zikafungwa vizuri, na bado mota haifanyi alichokusudia. Ukichimba unakuta aliiona alama ya kontakti kwenye lada (programu inayochorwa kama ngazi) akaichukulia kuwa picha ya batani iliyoko mlangoni mwa paneli. Alama hiyo ni swali, na swali lenyewe linahusu biti, yaani 1 au 0 iliyoko ndani ya PLC.

Alama -| |- inauliza: je, biti hii ni 1? Ikiwa ni 1, inaruhusu kidato (mstari mmoja wa lada) kiendelee. Alama yenye mkwaju, -|/|-, inauliza: je, biti hii ni 0? Ikiwa ni 0, inaruhusu. Hakuna kingine. PLC haijui kama umefunga batani nyekundu au kijani, ya NO (iliyo wazi isipobonyezwa) au ya NC (iliyofungwa isipobonyezwa). Inachojua ni kama umeme umefika kwenye terminali yake. Kwa inputi za kawaida za volti 24 za DC, volti 15 na kuendelea husomwa 1, volti 5 kushuka chini husomwa 0, na katikati ya hapo usitegemee jibu lolote.

Mchanganyiko huu una asili yake. PLC za kwanza za mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipewa lada inayofanana na michoro ya relei (swichi zinazoendeshwa na umeme) ili mafundi umeme waisome bila kujifunza lugha mpya. Kwenye mchoro wa relei, alama ya NC ni kipande cha chuma kweli, unaweza kukigusa na testa. Kwenye lada, alama hiyohiyo ni amri ya kukagua. Kiswahili chetu nacho kinaongeza lake: mtu "anafungulia" maji au redio, na kitu kinaanza kutoka, lakini kwenye saketi, kontakti ikiwa wazi umeme haupiti. Ndiyo maana kwa vijana wa mafunzo napendelea tugawane maneno. "Wazi" na "imefungwa" tuviachie vyuma vilivyoko nje, na ndani ya programu tuseme "ni 1" na "ni 0". Ubishi mwingi unaishia hapo.

Majina kwa kila kampuni

Amri ni zilezile mbili, ila kila kampuni imezibatiza upya, na kijana aliyejifunzia aina moja hupotea akikutana na nyingine. Kwenye Allen-Bradley, inayokagua 1 inaitwa XIC na inayokagua 0 ni XIO. Mitsubishi wanaandika LD ikiwa ya kwanza kwenye kidato, kisha AND au OR; zenye mkwaju zinakuwa LDI, ANI na ORI. Delta DVP imefuata mtindo huohuo. Omron wanaongeza neno NOT: LD NOT, AND NOT. Siemens kwenye orodha ya maandishi wana A na O, na kwa mkwaju AN na ON. Kiwango cha IEC 61131-3, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1993, kinaziita kontakti ya NO na kontakti ya NC, na kwa maoni yangu hapo ndipo kilipowaponza watu, maana NO na NC ni majina yaliyokwisha kuandikwa kwenye batani. XIC na XIO ni magumu kutamka lakini angalau yanasema ukweli: hiki ni kitendo cha kukagua.

Kuna jozi nyingine, -|P|- na -|N|-, ambazo kwa Mitsubishi ni LDP na LDF. Hizi hukamata mpigo wa kubadilika tu, 0 kwenda 1 au 1 kwenda 0, kisha hunyamaza. Tutazikuta tena chini.

Kabla ya kufungua kompyuta

Angalia namba kwenye kontakti yenyewe. Zinazoishia na 1 na 2, kama 11-12 au 21-22, ni NC. Zinazoishia na 3 na 4, kama 13-14, ni NO. Kwenye ovalodi (kinga ya mota isizidiwe), 95-96 ni NC na 97-98 ni NO. Rangi ya kipande cha nyuma ya batani husaidia, kijani kwa NO na nyekundu kwa NC, lakini amini namba kuliko rangi. Vipande hubadilishwa madukani na mlangoni mwa paneli.

Kisha simama mbele ya PLC na utazame taa ya inputi husika bila kubonyeza chochote. Imewaka au imezima? Bonyeza. Imebadilika? Taa hiyo ndiyo hakimu. Ikiwaka biti ni 1, ikizima biti ni 0, na kila alama utakayoiona kwenye skrini lazima ipatane nayo. Mtu akikuambia "hapa nimeweka NC", muulize: "Nje au ndani?" Asipojua, mmeshapata kosa.

Na kabla ya kuhamisha waya wowote, zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli. Parafujo la mashine ya alizeti halina huruma na mkono.

Dalili: ukibonyeza start haiwaki, ila ukishika stop na start pamoja inawaka

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu inajieleza yenyewe. Simu inaingia:

"Fundi, shikamoo. Hii mashine start haikubali. Lakini kijana alikosea akashika zote mbili, ikaunguruma!"

"Marahaba. Taa ya inputi ya stop, hujagusa kitu, inawaka?"

"Inawaka, fundi."

"Basi kwenye programu toa mkwaju kwenye stop."

Kilichotokea ni hiki. Batani ya stop imefungwa kwa NC, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa haijaguswa, umeme unapita, taa inawaka, biti ni 1. Mwandishi akasema moyoni, "stop ni NC, basi naweka alama ya NC," akachora -|/|-. Alama hiyo inauliza kama biti ni 0. Biti ni 1, kwa hiyo jibu ni hapana, kidato kimekatika. Ukibonyeza stop, biti inakuwa 0, kidato kinaruhusu, na mota inawaka wakati ule tu ambapo ungetaka isimame.

Umbo sahihi kwa mota ya kawaida, start ikiwa NO kwenye I0.0, stop NC kwenye I0.1, ovalodi 95-96 kwenye I0.2, ni hili:

```
   I0.0       I0.1     I0.2      Q0.0
---| |---+----| |------| |-------( )---
   Q0.0  |
---| |---+
```

I ni inputi, Q ni autputi, na -( )- ni koili, yaani amri ya kuwasha. Hakuna mkwaju hata mmoja. Anayetoka kwenye relei huona ajabu, kwa sababu stop yake ya NC imechorwa kama NO. Mwambie asome kwa maswali: start imekuwa 1, au mota tayari inazunguka, na umeme wa stop bado upo, na umeme wa ovalodi bado upo, basi washa.

Dalili: kila kitu kiko sawa, mpaka siku waya ulipokatika

Hii haionekani siku ya kukabidhi kazi, na ndiyo inayonipa hofu kuliko zote. Fundi aliyekutana na shida ya juu anaweza kuitatua kwa njia ya pili: anaacha mkwaju kwenye programu na kwenda kubadilisha batani iwe NO. Sasa stop isipoguswa biti ni 0, -|/|- inaruhusu, mota inawaka na kuzima vizuri kabisa. Mwenye kiwanda analipa, wanaagana.

Miezi ikipita panya wanakata waya wa stop, na mahali penye mashudu ya alizeti panya hawakosekani. Au skrubu inalegea kwa mtikisiko. Biti ya stop inabaki 0 milele, na kwa programu hiyo 0 maana yake "hajabonyeza". Mota inaendelea. Mtu anabonyeza stop, anabonyeza tena, anapiga ngumi, mashine haimsikii. Kwa NC, waya huohuo ukikatika ingekuwa sawa na kubonyeza stop, na mashine ingesimama yenyewe. Utapoteza saa moja kutafuta waya, na hiyo ni bei nafuu.

Kwa hiyo jibu la dalili ya kwanza liwe kwenye programu siku zote, usihamie kwenye batani. Namna ya kupima ni rahisi: mota ikizunguka bila mzigo, chomoa waya wa stop kwenye terminali ya PLC, ambayo ni volti 24 tu. Isiposimama, kazi haijaisha. Fanya vivyo hivyo kwa ovalodi.

Batani ya dharura ni habari nyingine. Hiyo isitegemee kontakti ya lada peke yake hata ikiandikwa vizuri namna gani. Iwe NC, ikate umeme wa koili ya kontakta (swichi kubwa inayowasha mota) kwa waya au kupitia relei ya usalama, na PLC ipewe taarifa kwa kontakti ya pili ili isijaribu kuwasha.

Dalili: inazunguka ukiwa umeshikilia start tu

Kontakti ya kujishikilia, ile Q0.0 iliyo sambamba na start, haipo au ina anwani nyingine. Mara nyingi mtu alinakili kidato cha mota ya kwanza kwenda ya pili, akabadilisha koili na kusahau kontakti. Pampu ya pili basi inajishikilia tu pale ya kwanza inapozunguka, na wanaofanya kazi pale watakuapia kwamba mashine ina majini.

Ikiwa kontakti hiyo imewekwa kwa mkwaju, utalisikia kosa kabla hujaliona: PLC ikiingia tu kwenye kazi, autputi inawaka na kuzima kila mzunguko wa programu na relei inalia kama nyuki ndani ya kopo. Zima haraka. Relei za autputi hazikuumbwa kwa kazi hiyo.

Dalili: umeme ukirudi, mashine inawaka yenyewe

Anza kwa kuuliza mashine inaendeshwa na batani au na swichi ya kugeuza. Swichi ya kugeuza hukumbuka ilipoachwa. TANESCO wakirudisha umeme biti ni 1 tena, na mota inaondoka. Hapo ovalodi iliyowekwa kujirudisha yenyewe nayo italeta shida ileile kila inapopoa.

Ikiwa ni batani, tazama koili. Koili ya kawaida yenye kontakti ya kujishikilia hupoteza hali yake umeme ukikatika, na hilo ndilo tunalolitaka kwenye mashine ya kukamua: mbegu zimekwama kwenye parafujo, mtu ameingiza mkono kuzitoa, umeme unarudi. Lakini aliyetumia OTL na OTU za Allen-Bradley, amri za kuwasha na kuzima zinazokumbuka, amehifadhi hali hiyo kwenye kumbukumbu isiyofutika. Kwenye Mitsubishi FX3U, biti za ndani ziitwazo M, kuanzia M500, nazo kwa mpangilio wa kiwandani hukumbuka hata baada ya umeme kukatika. Zitumie kwa hesabu za magunia, si kwa kuwasha mota.

Pampu ya kisima cha kijiji ni tofauti. Hiyo tunataka irudi yenyewe, vinginevyo mwangalizi atapanda pikipiki usiku kucha. Iwekee taima ya dakika chache baada ya umeme kurudi ili volti zitulie, na kama kuna pampu mbili zisiondoke pamoja.

Dalili: tangi likijaa pampu ndiyo inawaka, likiisha inazima

Floti (boya la kupima kina cha maji) imegeuzwa, ama kwenye waya ama kwenye programu. Floti nyingi za nyaya tatu zina waya wa pamoja na nyingine mbili, moja ikiungana nao floti ikiwa juu, nyingine ikiwa chini. Usiamini rangi, inua floti kwa mkono upime kwa testa.

Usikimbilie kutupa mkwaju hapa na pale mpaka ifanye kazi. Jiulize kwanza waya ukikatika unataka nini kitokee. Kwa huku kwetu Dodoma, ambako maji mengi yanatoka ardhini, floti au elektrodi ya kisimani ndiyo roho ya pampu: ikizunguka bila maji, inaungua. Basi kontakti ya kisimani iwe imefungwa maji yakiwapo, na ya tangi la juu iwe imefungwa tangi likihitaji maji. Zote mbili kwenye lada zinakuwa -| |-, na jembe likikata waya uliofukiwa kutoka mlimani, pampu inasimama. Watu watalalamika kwamba maji hayaji. Heri hivyo kuliko maji yamwagike usiku kucha na bili ije.

Hapo ndipo jina la biti linapookoa. Usiite "TANGI" wala "STOP". Iite kwa kile ambacho 1 inamaanisha: TANGI_LINAHITAJI, KISIMA_KINA_MAJI, STOP_HAIJABONYEZWA, OVALODI_SAWA. Atakayefungua programu baada yako, pengine wewe mwenyewe, hatahitaji kwenda mlangoni mwa paneli kuhesabu namba za kontakti.

Umbali wenyewe haupunguzi volti kiasi cha kusumbua inputi za volti 24, kwa sababu zinakula miliampea chache tu. Viungio vilivyoingia maji ndivyo vinavyosumbua. Ila kama inputi zako ni za volti 230 za AC, waya mrefu uliolala sambamba na waya wa pampu unaweza kuazima umeme na kuiwasha taa ya inputi hata floti ikiwa wazi. Hamishia kwenye relei ndogo, au tumia volti 24.

Dalili: taa ya sensa inawaka, ya inputi haiwaki

Hapa programu haina kosa, usiiguse. Sensa ya PNP hutoa volti 24, ya NPN huvuta kwenda sifuri, na inputi lazima iandaliwe kwa mojawapo. Kwenye FX3U, terminali ya S/S iunganishwe na sifuri kwa PNP, na volti 24 kwa NPN. Kinyume chake, taa ya inputi inayowaka hafifu bila kitu mbele ya sensa ya nyaya mbili ni umeme unaovuja kwenye sensa.

Dalili: taa ya inputi inawaka, programu inaonyesha 0

Anwani. Mitsubishi FX na Delta DVP huhesabu inputi kwa nane: baada ya X7 inakuja X10, hakuna X8 wala X9. Anayehesabu kwa vidole huandika X10 akidhani ni terminali ya kumi na moja, kumbe ni ya tisa. Siemens nao huruka kutoka I0.7 kwenda I1.0. Kama anwani ni sahihi, angalia kama kuna mtu ameilazimisha biti kutoka kwenye kompyuta na kuondoka bila kuiachia.

Dalili: skrini inaonyesha kontakti yenye mkwaju imewaka rangi, lakini hakuna umeme kwenye waya

Skrini iko sahihi. Rangi haisemi kuna umeme. Inasema jibu la swali ni ndiyo. Kwa -|/|-, ndiyo hutokea biti ikiwa 0, yaani waya ukiwa mkavu. Hili huwachanganya hata waliobobea kwenye relei.

Ikiwa kidato kizima kimeruhusu hadi koili na bado autputi haiwaki, tafuta koili ya pili yenye anwani hiyohiyo mahali pengine kwenye programu. PLC husoma vidato kutoka juu kwenda chini, na cha mwisho ndicho kinachoshinda. Mtu aliyeandika kidato kimoja cha "otomatiki" na kingine cha "mkono", vyote vikiishia Q0.0, cha kwanza hakitafanya kazi kamwe. Unganisha viwili hivyo kwa OR, yaani sambamba, kwenye kidato kimoja.

Dalili: kihesabu cha magunia kinaruka au kinaongeza

Kinachoongeza kwa kawaida kinatokana na hesabu ya kujumlisha inayoendeshwa na -| |- peke yake, hivyo gunia moja likisimama mbele ya sensa linahesabiwa kila mzunguko wa programu. Weka -|P|- au LDP. Kinachoruka ni mpigo mfupi kuliko kichujio cha inputi: S7-1200 ya Siemens huja na milisekunde 6.4, FX ya Mitsubishi milisekunde 10. Kwa magunia haijalishi. Kwa sensa inayohesabu meno ya gia, punguza kichujio au tumia inputi ya kasi.

Dalili: mashine ya mtumba, na herufi hazieleweki

Mashine iliyoagizwa kutoka Ujerumani inaweza kuja na programu ya Siemens iliyoandikwa kwa herufi za Kijerumani. Inputi zinaitwa E badala ya I, autputi zinaitwa A badala ya Q, na kontakti za kukagua 1 na 0 ni U na UN. Hatari iko kwenye A: kwa mtindo wa kimataifa A ni amri ya kukagua, kwa Kijerumani ni anwani ya autputi. "U E0.1" na "A I0.1" ni kitu kimoja. Usianze kutafsiri kidato kwa kidato kwa kalamu. Kwenye mipangilio ya programu ya Siemens kuna sehemu ya kuchagua herufi za Kijerumani au za kimataifa. Ibadilishe hapo, chapisha lada upya, kisha rudi kwenye taa za inputi uanze na stop.